Widad Odeh, Aliyerudisha Kahawa Birikani

Marehemu Widad Odeh Salameh alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 mjini Madaba, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Odeh Salameh na mkewe, marehemu Hilweh. Alitanguliwa na kaka mmoja, Jiryis, ambaye ameketi hapa mbele na ndiye aliyeyatoa maneno haya. Yanasomwa na binti yake, Rula, kwa kuwa jana nyumbani Jiryis alijaribu kuyasoma mwenyewe, akashindwa kabla hajageuza ukurasa.

Marehemu alisoma katika shule ya masista hapa mjini, akamaliza mwaka 1968. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa kucheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko umbo lake. Siku moja sista alimtoa nje kwa sababu ya kicheko hicho, akaenda kucheka chini ya dirisha, darasa zima likaambukizwa, na mwishowe sista naye akalazimika kutoka nje ili asionekane. Waliosoma naye, ambao baadhi yao wako hapa leo, walikisimulia kisa hiki kwa furaha kwa muda mrefu. Baadaye walikisimulia kwa namna nyingine.

Tarehe 22 Juni 1969, wakati wa kupura ngano, marehemu aliwapelekea chakula cha mchana baba yake na kaka yake kwenye uwanja wa kupuria. Wakala, wakashiba, akafunga vyombo arudi. Jua lilikuwa kali. Lori la jirani likapita, likiendeshwa na kijana wa nyumba iliyopakana na yao, ambaye Widad alimwita mama yake shangazi tangu utotoni. Katika njia ya kurudi nyumbani, kijana huyo alimbaka. Familia hii haijawahi kulitamka neno hilo mbele ya watu. Leo imelitamka, na iliona haya hata kuliandika.

Marehemu alifika nyumbani kwa miguu, mkono wa gauni umechanika, akamwambia mama yake. Mama alimwosha na kumwambia anyamaze. Jioni yakaanza maswali. Kwa nini alipanda lori la mwanamume? Mbona hakupiga kelele? Kama alipiga, mbona hakuna aliyesikia? Na kile kicheko chake, je, hakumchekea huyo kijana? Swali la kwanza kabisa liliulizwa na Jiryis, kijana wa miaka ishirini na miwili, aliyesimama mlangoni amefura kwa hasira: "Ulikuwa unatoka wapi?"

Aliuliza hivyo huku mkate aliopelekewa na dada yake ungali tumboni mwake.

Sheria ya wakati ule ilimwachia huru mbakaji akimwoa aliyembaka, na watu wetu waliona huo ndio wema. Jumapili iliyofuata ikaja jaha, ule ujumbe wa wazee wa kuposa, ukiongozwa na Mzee Abu Hanna. Wanaume walijaa sebuleni mpaka mlangoni. Abu Hanna akapewa kahawa, akaiweka chini kama desturi ilivyo.

"Abu Jiryis," akamwambia baba, "kahawa hii hatuinywi mpaka utupe tulichokijia. Yaliyopita tuyafunike. Kijana ni wako, binti ni wetu."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Sote tunajua jibu: ukisema kunyweni kahawa yenu, umetoa binti. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa pale Widad alipoingia kutoka jikoni, akapita katikati ya wale wanaume, akakitwaa kikombe mbele ya Abu Hanna na kukimimina chote birikani.

"Mimi sijaulizwa," akasema. "Nimejiuliza mwenyewe huko jikoni. Nimekataa."

 Kisha Abu Hanna akacheka kwa pua. "Odeh, hii sauti siku ile ilikuwa wapi?"

Wanaume wakacheka. Jiryis alikuwa miongoni mwao, na alicheka pia.

Katika wasifu kama huu, hapa ndipo pa kueleza marehemu alifunga ndoa na nani na kanisa lipi. Marehemu hakuolewa. Mji ulisema hakupata mtu. Ukweli ni kwamba alipata, akakataa. Yule kijana alioa kwingine kabla mwaka haujaisha, na ngoma zake zilipita mbele ya dirisha letu. Kesi haikufika popote, kwa kuwa hapakuwa na wa nyumba hii aliyeipeleka. Mwanamume huyo alizikwa katika makaburi haya mwaka 2016 kwa heshima zote. Wasifu wake ulisomwa vizuri, na mambo yote haya hayakuwamo.

Kwa kuwa baba hakutaka kumwona Widad mezani, mjomba wake Mitri, kaka wa mama, alimchukua dukani kwake kukaanga kahawa. Alimweka chumba cha nyuma ili wateja wasimwone. Lakini harufu haifichiki, na mji ukaanza kuulizia kahawa ya Mitri imefanywa nini. Mjomba alipofariki mwaka 1983, Widad alitoka chumba cha nyuma akasimama mbele, na aliyetaka kahawa nzuri yenye iliki ya kutosha hakuwa na budi kumtazama usoni. Posa za mji huu zilinywewa kahawa yake, ingawa harusini hakualikwa.

Alikuwa na sharti moja lililowaudhi wengi. Mtu akija kununua kahawa ya kupokelea jaha, hauziwi mpaka amlete binti mwenyewe.

"Widad, nimekuja kununua kahawa, sikuja kuungama," baba mmoja alimfokea.

"Ungekuja kuungama ningekuelekeza kwa padri. Binti ameulizwa?"

"Amenyamaza. Akinyamaza si ndiyo amekubali?"

"Na hizi buni zimenyamaza. Mbona huzibebi bure?"

Baba akaenda kumleta binti. Marehemu akamtuma baba akatafute mkate, akafunga mlango, akamuuliza msichana. Waliosema ndiyo, aliwapimia kahawa na kuwaongezea iliki. Waliosema hapana, aliwaambia baba zao kwamba kahawa imekwisha, hata kama magunia yalionekana hadi barabarani. Kina mama kadhaa waliosimama hapa leo wanajijua ni wa kundi lipi. Mwaka 2017 redio ilipotangaza kwamba ile sheria imefutwa, marehemu alikuwa akikoroga buni kwenye kikaango. Aliongeza sauti, akasikiliza mpaka mwisho, na buni zikaungua. Hiyo ndiyo kahawa pekee iliyowahi kumwungulia.

Marehemu aliugua figo mwanzoni mwa mwaka 2021. Jiryis alianza kwenda kwake kila alasiri. Siku moja mwezi Machi mwaka uliofuata alipewa kahawa akaiweka chini bila kuionja. Widad alielewa mara moja.

"Jaha ya mtu mmoja?" akamwambia. "Haya, mzee, umekuja kuposa nini?"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Kwa lipi?"

Jiryis akakizungusha kikombe. Widad akamsaidia.

"Siku ile nani alisimamisha lori, kaka?"

"Mimi."

"Nani aliniambia panda, jua kali?"

"Mimi. Nilikusukuma begani ukapanda."

"Hilo sikulaumu. Ulijua nini? Na hata ningelisimamisha mwenyewe na kupanda huku nacheka, nilikubali kufika nyumbani tu, basi. Lakini miaka yote hii mji unasema Widad alipanda mwenyewe, na wewe upo, unasikia."

Jiryis alilia. Akamwomba tena.

"Msamaha upo," Widad akasema, "ila haupatikani hapa chumbani. Mlinisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu, kisha urudi nitakuambia unywe."

"Watu gani, Widad? Nusu yao wamekufa."

"Watoto wao wapo. Na ndio wanaoulizana habari zangu."

Hapo alicheka, kile kicheko cha chini ya dirisha, na Jiryis alikuwa hajakisikia tangu ujana wao. Akaahidi. Akasema atafanya baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, akasema baada ya ubatizo wa mjukuu, watu watakuwa wengi. Siku ya ubatizo alisimama, akagonga glasi, akawashukuru wageni, akakaa. Akasema baada ya kuvuna zeituni. Kila alasiri aliwekewa kikombe, na kila alasiri kilipoa. Marehemu hakumkumbusha. Alikuwa akikiondoa tu na kukimwaga.

Marehemu Widad alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Novemba 2022, zeituni zikiwa bado ziko mitini.

Basi Jiryis Odeh anasema mbele ya watu, kupitia sauti ya binti yake: dada yangu alikuwa anatoka kunipelekea chakula. Lori nililisimamisha mimi. Nilimpandisha mimi. Aliyembaka ni yule aliyembaka, na hakuna mwingine. Nilijua siku hiyohiyo, nikamuuliza alikuwa anatoka wapi, nikacheka pamoja na wanaume sebuleni, nikanyamaza hadi juzi. Widad hakukosa chochote. Waliosikia vingine katika nyumba zao wakasahihishe leo wakifika.

Marehemu ameacha kaka yake Jiryis. Wifi yake Nuha. Binti wa kaka yake Rula, ambaye alikuwa wa mwisho kuulizwa dukani, na akaulizwa mara mbili kwa sababu jibu la kwanza halikusikika vizuri. Wajukuu wa kaka yake, na duka, ambalo litafunguliwa Jumatatu kwa sharti lilelile.

Baada ya maziko, wote mnakaribishwa nyumbani kwa kahawa chungu ya msiba. Ni yake, aliikaanga mwenyewe wiki moja kabla. Kunyweni. Mkiona kikombe kimoja kimejaa mbele ya Jiryis, msimhimize. Alichotumwa kusema amekisema, lakini aliyeahidi kumwambia anywe hayupo tena.

Lala, Widad. Huko uendako asikuulize mtu ulikuwa unatoka wapi.