Supu Ambayo Sitaionja

Joachim, weka simu chini. Pamela, nenda kafunge mlango wa duka kisha urudi, wateja watakuja kesho, mimi hiyo kesho sina hakika nayo. Edwin, keti hapo ninapouona uso wako. Sikilizeni, wanangu, vana vangu, maana pumzi hii kidogo nimeiwekea akiba tangu alfajiri kwa ajili ya maneno haya, na atakayenikatiza asije akasema baadaye kwamba baba alikufa bila kumuusia. Ongezeni mto mgongoni. Hivyo. Miguu imevimba na mikono imevimba, lakini ulimi haujavimba, na hasira niliyo nayo ni ya mtu mzima mwenye afya yake.

Mabakuli hayo yaliyo mbele yenu mnayajua. Ni supu ya vitunguu ya mama yenu Paskalina, ile ambayo Majengo nzima iliicheka wakati tunahamia hapa, wakisema mwalimu Isidori ameoa mke wa misheni anayempikia supu isiyo na nyama, maskini gani huyu anayekunywa vitunguu. Mama yenu aliwaacha wacheke. Alifundishwa na sista mmoja Mfaransa katika darasa la sayansi kimu, na alichofundishwa alikishika hadi mwisho: vitunguu karai zima, vikatwe vyembamba, samli, moto wa mkaa ulio mdogo kabisa, na mtu wa kukaa hapo na mwiko mpaka vilainike, visinyae, vigeuke rangi ya asali ya porini. Hapo ndipo unga kidogo, hapo ndipo mchuzi wa mifupa, halafu mkate uliokaushwa na jibini ya masista juu yake, ufunike, upalie makaa juu ya mfuniko mpaka jibini iyeyuke. Mkaila Pasaka hadi Pasaka. Mkafaulu mitihani mkaila, mkapata kipaimara mkaila, na wewe Joachim ulipopata kazi Dodoma uliomba hiyo, hukuomba kuku.

Sasa niambieni, nani kati yenu alikaa na mwiko ule? Pamela, ulijaribu siku moja tu, ukachochea moto ili uwahi dukani, vitunguu vikaungua vikawa vichungu, ukamwaga nyuma ya choo, ukasema mapishi ya Kizungu hayana maana. Mama yako aliokota sufuria akaisugua mwenyewe. Alikuwa akijua kwamba atakufa na supu yake, na jambo hilo lilimuuma, mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja, najua.

Halafu Edwin akamleta Somoe kutoka Nalasi, kule Tunduru. Binti wa wakulima wa korosho, Mwislamu, amejitanda mtandio wake, anasema shikamoo mpaka magoti yanagusa sakafu. Joachim ukapiga simu kutoka Dodoma, ukasema ukoo wa Kikatoliki unaingiliwa. Pamela ukanuna, maana chumba walichopewa maharusi ulikuwa umeshakipangia magunia yako ya sukari. Msidhani sikuona. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini ninyi hamkumfunga kamba mguuni, mlimfunga shingoni, na mkawa mnasubiri siku ya kuivuta.

Mgeni huyo ndiye aliyekaa na mwiko. Mama yenu akiwa kwenye kigoda, yeye kwenye mkeka, wawili wanatokwa na machozi ya vitunguu na kucheka. Na kwa kuwa mama yenu hakuwa na divai ambayo yule sista aliitia kwenye supu, alikuwa akitia ulanzi, ule mkali uliokwisha kuchacha, akisema divai ni ya Padre altareni, sisi Mungu ametupa mianzi. Somoe alikuwa akimimina ulanzi ule kwenye sufuria uso ameugeuzia pembeni, kisha anakwenda kunawa mikono. Pombe kwake ni haramu, hata iliyopikwa. Alipika, akapakua, akatutengea, na yeye akala ugali wake na mlenda. Mama yenu ndiye aliyekuwa akionja mbele ya wageni, kama desturi yetu inavyotaka, kwamba chombo kikiletwa mwenye kukileta aonje kwanza, atoe uchawi, ndipo wengine wanywe. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyegundua kwamba Somoe haonji, kwa sababu alikuwapo wa kuonja.

Mpaka siku ile. Mama yenu amelala kitanda hiki hiki, figo zimechoka, daktari ametuambia tumrudishe nyumbani. Joachim, ulikuwa umesimama kando yangu daktari akisema, na uliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mama akaomba supu yake. Pamela, ulisema una mzigo unaoshushwa. Somoe akapika. Akamletea, nyumba imejaa wanawake wa jumuiya, akamnywesha kwa kijiko bila kuonja, na mama yenu akanywa bakuli zima, akajifuta mdomo, akasema, "Mwanangu, leo umenipita." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye furaha. Kulipokucha hakuwapo.

Nanyi mkafanya nini? Matanga hayajaanuliwa, mkeka wa msiba bado umetandikwa, wewe Pamela ukasimama katikati ya watu na kuuliza, "Mbona hakuonja?" Neno moja hilo. Watu wakageuka wote kumtazama Somoe. Ukaongeza kikulacho ki nguoni mwako, Joachim ukaongeza lisemwalo lipo, mithali za wazee mkazigeuza mawe. Nikapiga kelele, nikawaambia ni ulanzi, mtoto huyu hanywi pombe, muulizeni Beda jirani aliyekuwa akituletea ulanzi wenyewe. Mkanishika mabega mkanilaza, mkawaambia watu mzee amechanganyikiwa kwa majonzi. Mimi! Niliyewafundisha nusu ya mji huu kusoma! Mabegi yake mkayatoa barazani, na mtandio mmoja ukaanguka kwenye tope, na hakuna aliyeuokota.

Na wewe Edwin. Usiangalie sakafu, sakafu haikukuzaa. Mkeo anatukanwa uchawi mbele ya wakwe zake na wewe umekaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, mimi nikausubiri mshindo wako tangu siku hiyo, na sikusikia hata kikohozi. Umemwacha akapanda basi la Tunduru peke yake. Umekuwa ukila kwa mama ntilie, nguo hazijafuliwa, na bado huthubutu kumwambia dada yako kwamba umekosewa. Ningekuwa na nguvu ningekuchapa leo, na ndevu zako hizo.

Maji. Kidogo tu. Basi.

Sasa sikieni ninachowausia. Nyumba hii haiuzwi. Pamela, duka ni lako, la mbele, na mlango wako utazame barabarani, usitazame ndani. Joachim, shamba la bondeni ni lako, lakini ukilikodisha kwa watu badala ya kulima, wape kwanza watoto wa shangazi yenu. Vyumba vya nyuma na jiko ni vya Edwin na Somoe, na nasema na Somoe, kwa jina lake, siyo mke wa Edwin. Nimemwambia mwenyekiti wa mtaa, nimemwambia katekista, na Beda alikuwapo akisikia. Sufuria ya mama yenu, kigoda chake na mwiko wake ni vya Somoe peke yake, na atakayevigusa bila kumwomba atakuwa amenigusa mimi kaburini.

Hilo ni la mali, na mali mtazoea. Lakini kuna jambo ambalo siwezi kuliandikia hati wala kulitolea shahidi, nalo ni jina jema la Somoe, mtoto huyu aliyesimama pale mlangoni kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemwambia aketi. Nimemwita mara nyingi akakataa. Alimwambia Beda, "Baba nampenda, lakini nyumba ile itaniua." Safari hii amekuja kwa sababu amesikia nakufa. Amefika na vumbi la Tunduru miguuni, akanisalimu, akalia, na mimi nikamwomba apike. Akashtuka. Akasema, "Baba, kwa nini hiyo? Nikupikie uji." Nikasema hiyo hiyo, Somoe, na ulanzi wake ndani, usibadilishe kitu, wasije wakasema ile ya kwanza ilikuwa nyingine. Mmesikia harufu yake tangu mchana. Nilikuona, Joachim, ulivyokuwa ukinusa.

Na sasa imepakuliwa, jibini inavutika, na ninyi mmekaa kama watu wanaosubiri hukumu, vijiko havijaguswa. Mnasubiri nini? Mnasubiri nani aonje. Msinidanganye. Mmekuwa wakubwa, mmesoma, mna madigrii, na bado mnamtazama mwanamke aliyewapikia kama nyoka kwenye kuni.

Mnasema moyoni, mzee mwenyewe aonje, si ndiye mwenye nyumba? Ndiyo, ndiye. Na ninaitaka. Mungu anajua ninavyoitaka, tangu mama yenu afe sijaila, na mate yamenijaa kinywani hapa hapa nikiwagombeza. Lakini mimi ni mtu wa leo au kesho. Nikitia kijiko kimoja mdomoni na kesho nikafa, Pamela, utasimama tena katikati ya mkeka, na safari hii hutahitaji hata kuuliza. Watasema amemmaliza mama, amerudi kummaliza baba. Hatafika stendi mtoto huyu. Mnawajua watu wetu, wamekwisha kuwachoma vikongwe ndani ya nyumba kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo sitaionja. Bakuli langu lipo, mmeliona, limejaa, na mmeona kwamba sijaligusa. Litazameni vizuri mlikumbuke.

Basi mmoja wenu ataonja. Edwin, weka kijiko chini. Nimefurahi kwamba umekishika, walau una mkono, lakini si wewe. Wewe ni mumewe, watasema mmeshirikiana. Wala si wewe Joachim, wewe utaonja baada ya kuona nani amepona.

Pamela.

Wewe ndiye uliyeuliza swali. Ulilitoa neno hilo mbele ya watu, na neno likitoka halirudi kwa kuitwa, hurudi kwa kufuatwa. Chukua kijiko. Usinililie. Nimesema usinililie, machozi yako ya siku ile ndiyo yaliyowafanya watu wakuamini. Unaogopa? Kweli unaogopa, mwanangu? Ndani ya moyo wako unaamini kwamba Somoe aliyekuwa akimwogesha mama yako, akimgeuza usiku, akimfulia mashuka, alimtilia sumu? Au ulitaka chumba? Kama unaamini, weka kijiko, ondoka, nami sina neno. Lakini ukiondoka huondoki na radhi yangu, na radhi ya mzazi hainunuliwi kwenye duka lako.

Mpeni nafasi. Mwacheni.

Eeh. Hivyo. Pamoja na mkate, chukua na mkate... Meza. Tena. Joachim, sasa wewe. Edwin, kula. Kuleni, hata mkilia kuleni.

Pamela... vitunguu vimelainika? Niambie. Vina utamu ule? Umetikisa kichwa, sijaona vizuri, macho yangu... Sema kwa mdomo. Kama ya mama? Sema tena, Somoe asikie. Sema na umtazame.

Haya. Somoe, mwanangu, toka mlangoni, njoo uketi kwenye kigoda. Wewe huli, najua, lakini keti. Na hilo bakuli langu liondoe hapa, liko karibu mno... harufu inanitesa.

Nizikeni kando ya Paskalina. Padre asihubiri kirefu. Somoe awe kwenye mkeka wa wanafamilia, siyo jikoni, wapike wengine... Njooni karibu, mikono yangu hainyanyuki, leteni vichwa vyenu ninyi. Pamela, na wewe, njoo. Mungu Baba awalinde. Awape chakula na mtu wa kula naye. Nimewasamehe, ila hasira... hasira bado ninayo, nitaondoka nayo, msiihangaikie.

Jambo la mwisho. Kabla udongo haujarudishwa, msimame ninyi watatu, mseme kwa sauti, na ukoo wote usikie... kwamba supu ilipikwa, kwamba sisi tulikula tukashiba... na kwamba baba hakuonja. Alikufa na njaa. Mseme hivyo hivyo. Alikufa na njaa yake, na supu ilikuwa mbele yake.

Kuleni. Inapoa.