Muhuri wa Mwisho wa Bi Radosveta

Tarehe 30 Septemba, Bi Radosveta Kuncheva atafunga mlango wa maktaba ya wizara yetu hapa Sofia baada ya miaka thelathini na tisa, miezi miwili na siku kadhaa ambazo amezihesabu mwenyewe lakini hataki kuzitaja. Mimi, Nedko, msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Ameshausoma mara mbili na kusahihisha alama za mkato.

Aliajiriwa mwaka 1985, akapewa chumba cha chini jirani na tanuri la kupasha jengo joto, vitabu elfu tisa na muhuri mmoja. Mawaziri wamekuja na kuondoka, wizara imebadilishwa jina mara sita, muhuri ni ule ule.

Wateja wake wengi walikuja baada ya chakula cha mchana, tena si kusoma bali kusinzia, maana chumba kina joto tamu. Hakuwafukuza. Sharti lake lilikuwa moja tu: anayelalia kitabu akiandikishe. Ndiyo maana takwimu zetu zinaonyesha kwamba kitabu kinachopendwa kuliko vyote wizarani ni Kanuni za Mifereji ya Umwagiliaji, juzuu ya pili, chenye kurasa mia nane na jalada laini. Mwaka 2003 wakubwa waliziona takwimu hizo, wakafurahi, wakaagiza nakala tatu zaidi. Nazo hazikai rafuni.

Lakini kilichofanya aogopwe ni karatasi ya mzunguko. Kila anayeacha kazi kwetu huizungusha ofisi hadi ofisi, stoo, gereji, uhasibu na maktaba, na kila ofisi hugonga muhuri kuthibitisha kwamba hana kitu cha serikali. Bila mihuri yote, pensheni haitoki. Gereji hugonga bila kuangalia. Maktaba huangalia. Mkurugenzi mmoja, ambaye tunamsitiri jina, aliteuliwa kwenda kufanya kazi ng'ambo. Ndege ilikuwa ya saa tisa, na saa sita yuko mbele ya meza ya Bi Radosveta akibembeleza, kwa sababu kitabu alichoazima, Magonjwa ya Nyuki, hakikuwa kimerudi. Mkewe akakileta kwa teksi. Bi Radosveta akakipekua ukurasa kwa ukurasa, akakuta doa la asali ukurasa wa sitini. Mkurugenzi alilifuta mwenyewe kwa leso yake, akaponea chupuchupu kuachwa na ndege.

Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Mwezi huu ikawa zamu ya Bi Radosveta. Alizimaliza ofisi zote asubuhi moja, ikabaki maktaba. Mtu hajigongei muhuri mwenyewe, kwa hiyo nilifungua kadi yake mimi, nikitarajia kuikuta tupu. Ilikuwa na kitabu kimoja: Kubebesha Mitufaha, cha kuunganisha vitawi vya aina moja kwenye shina la nyingine, kimeazimwa Februari 1994, hakijarudi.

Nilidhani nimekosea droo. Bi Radosveta akakiri, uso umemwiva. Aliyekiazima ni Mincho, mchocheaji wa tanuri wa wakati ule, aliyestaafu akiwa mgonjwa wa mapafu. Msomaji wa polepole huyo alikuwa hajafika hata nusu. Basi Bi Radosveta akakihamishia kitabu kwenye kadi yake mwenyewe, akamgongea muhuri, Mincho akaenda nyumbani na pensheni yake na kitabu chake. Ilitokea mara moja tu katika miaka yote hiyo, na hakumwambia mtu.

Nilimsihi tuandike kwamba kimepotea. Alinitazama jinsi anavyomtazama mtu aliyekunja ukurasa.

"Hakijapotea, Nedko. Kinasomwa. Na maadamu hakipo hapa, huo muhuri usiuguse."

Zilibaki siku nne, na idara ya utumishi ilikuwa imesema wazi kwamba bila karatasi hiyo jalada lake la pensheni halisogei. Nikamwomba dereva, tukaenda kijijini kwa Mzee Mincho, milimani karibu na Troyan. Sasa ana miaka tisini na mmoja, na mapafu yake yanashinda yangu. Tulimkuta juu ya ngazi, ndani ya mtufaha wenye aina tano za matunda kwenye shina moja. Kitabu kilikuwa dirishani jikoni, kimefungwa kwenye nailoni. Nikamweleza shida yangu. Hakushuka.

"Wewe kijana, nimebakiza sura moja. Radosveta aliniambia hakuna haraka. Leo haraka imetoka wapi?"

Nilipomwambia kwamba bila kitabu hicho Radosveta hastaafu, alishuka, akanikabidhi kitabu na kikapu cha matufaha.

Alhamisi nilikiweka mezani, nikamsimulia aliyosema mzee. Bi Radosveta alikipekua chote: hakina doa, hakuna ukurasa uliokunjwa. Nikagonga muhuri kwenye karatasi yake. Akalia, nami nikalia, tena ndani ya chumba ambamo hata kupiga chafya ni kosa. Kisha akafuta miwani, akaitoa kadi yangu drooni, akaisogeza mbele yangu.

"Mzee kabakiza sura moja," akasema. "Andika."

Nikaandika. Kitabu kimesharudi milimani, kwa jina langu. Mimi nitastaafu mwaka 2046, na atakayenirithi aijue mapema njia ya Troyan.

Bi Radosveta, asante kwa vitabu, kwa joto la chumba chako, na kwa kila mara ulipojifanya hukutuona tumelala. Tunakuombea afya na siku nyingi, na mapumziko yasiyo na tarehe ya kurudishwa.