Mizani, Aliyesema "Andika Mke"

Karatasi hii haikuchapwa kwenye kijitabu mlichopewa getini. Tumeichomeka kwa mkono asubuhi ya leo, kati ya ukurasa wa pili na wa tatu, baada ya kuona wasifu ulioandikwa na kamati ya mazishi. Wasifu ule, katika kurasa mbili nzima, umemtaja mke wa marehemu mara moja tu, na umemwita jirani. Mtausoma nyumbani mkikosa usingizi. Huu tunausoma kwa idhini ya dada wa marehemu, ambaye ni mama yetu, na bila idhini ya kaka yake mkubwa, ambaye ni mwenyekiti wa kamati.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1957, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, ambako baba yake alibeba magunia. Kaka yake husimulia kwa fahari kwamba mtoto yule hakuwa analia. Dada yake anasema alikuwa analia sana tu, ila alikwenda kulilia nyuma ya magunia, akimaliza anarudi na kuuliza kama chakula kiko tayari.

Alisoma shule ya msingi hadi 1970 na sekondari hadi 1974, kisha akaingia chuo cha ufundi, akahitimu Desemba 1976 na cheti cha vipimo na mizani. Huko ndiko alikookota msemo wake: "Hisia ni upepo, akili ni ukuta." Aliutoa mezani, msibani, hata kwenye harusi za watu. Mpwa wake mmoja alipoacha chuo kikuu mwaka wa pili, alimkalisha chini akampa sababu kumi na moja za kurudi, zote sahihi. Mwishoni akamwuliza, "Kwani kule ulikuwa na raha?" Akajibiwa hapana. Akasema, "Hiyo sikuihesabu."

Kuanzia Machi 1977 hadi alipostaafu Juni 2017 alikuwa mkaguzi katika ofisi ya vipimo. Alizunguka masokoni na kisanduku cha mbao chenye mawe ya kupimia ya shaba, koleo na lakiri, yaani mihuri ya risasi ya kufungia mizani iliyokaguliwa, na soko zima likamwita Mizani. Hakuhongeka. Waliojaribu kumpa hata embe moja walirudishiwa embe pamoja na mhadhara.

Tarehe 18 Oktoba 2001 alifika kwenye meza ya mama mmoja muuza maharage, akaweka mawe yake juu ya mizani, akakunja uso.

"Mama, mizani yako inakosea. Kila kilo unatoa gramu hamsini za ziada. Unajipunja."

"Najua, kaka."

"Unajua?"

"We unadhani kwa nini watu wanarudi kwangu, na yule pale anapiga miayo?"

"Mizani hairuhusiwi kusema uongo, hata uongo mzuri." Akairekebisha, akaipiga lakiri. Yule mama akampimia mteja aliyefuata kilo moja kamili, kisha akachota konzi ya maharage akaongeza juu. "Mkono hauna lakiri," akasema. Marehemu akacheka mbele za watu, jambo ambalo soko lile lilikuwa halijaliona kwa miaka ishirini na minne.

Januari 2003 mama huyo alihamia nyumba iliyopakana ukuta na ile ya marehemu, ghorofa ya kwanza, na aliyemtafutia nyumba hiyo ni marehemu mwenyewe. Kufikia Agosti mwenye nyumba alikuwa ameruhusu ukuta wa katikati utobolewe mlango. Kwa miaka ishirini walikula meza moja, wakauguzana kwa zamu, wakagombania dirisha lifungwe au liachwe wazi. Kila alipoulizwa ataoa lini, marehemu alijibu, "Bado napima." Mwaka wa kwanza yule mama alicheka. Mwaka wa kumi alimwambia, "Baba, hata maharage ukiyachelewesha kwenye bakuli yanaota." Mwaka wa kumi na tano aliinuka mezani akaenda kufunga dirisha.

Tuseme wazi, maana jeneza haliumii: ule ulikuwa ujinga uliovaa miwani. Na haukuwa ujinga wa mtu mmoja. Mwenyekiti wetu alimsifu kila Jumapili, "Huyu ndiye mwanamume anayetumia kichwa," wakati yeye mwenyewe alioa baada ya wiki tatu za kufahamiana, na mkewe yuko hapa mbele, anacheka, msimnyamazishe.

Mwanzoni mwa 2023 marehemu, aliyekuwa akijipima kila Jumatatu, alianza kuumwa tumbo na kuona uzito wake unashuka. Kufikia Machi zilikuwa zimekwenda kilo sita. Mwenye tumbo linalouma na kilo sita zilizopotea huenda kwa daktari. Yeye alifungua mizani. Akaisafisha, akabadilisha springi, akaijaribu kwa mawe ya shaba, ikawa sahihi. Akaazima nyingine, nayo ikasema vilevile.

"Mimi nakukumbatia kila siku," yule mama akamwambia, "mifupa yako inanichoma. Nani kakwambia nahitaji mizani?"

"Hizo ni hisia, mama."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa lilikuwa tumbo kwelikweli. Tarehe 3 Julai yule mama alizifungia mizani zote mbili kabatini, akaita gari, akampeleka hospitali akilia njia nzima. Ilikuwa saratani ya tumbo. Daktari alisema angefika Machi wangekuwa na mengi ya kujaribu.

Siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, marehemu alipimwa uzito wodini, akamwambia muuguzi kwamba mizani yao inazidisha gramu mia nne. Muuguzi akadhani homa. Fundi alipoitwa, ikawa gramu mia nne. Saa nne na nusu muuguzi yuleyule alileta fomu ya kulazwa, akauliza, "Uhusiano na mgonjwa?" Yule mama alishika kalamu. Kwa miaka ishirini, kwenye kila fomu, alikuwa ameandika jirani.

"Andika mke," marehemu akasema.

"Umeshapima?"

"Andika, mama. Nimekuchelewesha vya kutosha."

Akaandika. Muuguzi alisikia, na leo yuko hapa.

Marehemu alifariki tarehe 21 Agosti 2023, saa tatu asubuhi, wodi namba nne, mkewe akimpaka mafuta miguuni.

Kesho yake kamati ilikaa. Mwenyekiti alipoonyeshwa nakala ya fomu ile alisema, na maneno yake yako kwenye kumbukumbu za kikao: "Mgonjwa mahututi huongozwa na hisia. Sisi wazima tuongozwe na akili. Huyu mama ni jirani, akae na majirani." Sawa, mjomba, tutumie akili. Kichwa kilichokamata gramu mia nne saa nne kamili hakikupotea saa nne na nusu. Ukikubali kilikuwa timamu kuhusu mizani, kikubali kuhusu mke.

Kamati imeandika kwamba marehemu alifanikiwa maishani kwa sababu aliongozwa na akili. Akili ilimpa kazi safi na jina safi, hatubishi. Lakini akili nyingi huondoa maarifa. Ni akili hiyohiyo iliyompeleka kwenye springi badala ya daktari, ikamnyima mwanamke mwema neno moja kwa miaka ishirini. Siku alipolitoa bila kulipima ndiyo siku aliyopatia, na alikuwa amebakiwa na siku arobaini na tisa. Tuna hasira naye. Tuna hasira zaidi na wanaotaka kumnyang'anya neno lile sasa kwa kuwa hawezi kulirudia.

Marehemu ameacha mke mmoja, dada mmoja, kaka mmoja, na wapwa watano.

Mke huyo amesimama nyuma kabisa, karibu na bomba la maji, alikoelekezwa na kamati. Mkaza mjomba, njoo mbele, watu watakupisha. Mjomba mkubwa, kiti ulichokalia ni cha mjane, tunaomba uinuke. Wabeba jeneza ni sisi wapwa, na tumekubaliana tangu asubuhi: tunamwombea mjomba wetu pumziko la amani, na tutamshusha akapumzike mara tu mke wake atakapoketi.