Risasi Tano au Maboksi Mawili

Benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia kila asubuhi wana jibu la kila kitu. Siku hiyo Kobe, askari wa wanyamapori, alikaa katikati yao, kikombe cha kahawa mkononi. Jana mwindaji mgeni alimjeruhi nyati. Nyati akamrusha Ndefu, askari mwenzake Kobe wa miaka yote, akamvunja mbavu, kisha akajificha kichakani, kando ya njia ya kuchotea maji. Adhuhuri Kobe alitakiwa aingie kummaliza. Mtunza silaha alikuwa amempa achague: bunduki ya magnamu 375, yenye maboksi mawili ya risasi na nyingine ziko kila duka la silaha, au ya magnamu 425, nzito zaidi, ila risasi zimebaki tano na hazipatikani popote.

— Chukua 425, alisema Injinia, ambaye hutengeneza redio. Nyati si sungura, kaka. Huyo unamgongea mlango kwa nyundo.

— Na nyundo ikikwama? aliuliza Fundi bila kuinua macho kwenye soli. Risasi ya kukaa ghalani miaka yote hiyo! Hata kiatu kisichovaliwa huachia gundi.

— Wewe shona viatu, bwana.

— Ninashona. Wewe zungumza na redio.

Kobe alicheka kidogo. Alijua teke la 425. Mara ya mwisho bega lilimvimba, na risasi ya pili alichelewa kuipiga. Kwa nyati aliyejeruhiwa, hiyo ya pili ndiyo roho yako.

— Sikilizeni, alidakia Mstaafu, aliyekuwa mpishi jeshini. Nyati wa siku hizi wameizoea 375. Wanaujua mlio wake. Akiusikia, anainama, risasi inapita!

— Mzee, risasi inatangulia mlio, alisema Kobe.

— Ndiyo maana anainama mapema!

— Anainusa, Injinia akaongeza, sasa amepata moto. Shaba ya 375 imejaa porini. Kwake ni harufu ya nyumbani. Ngeni ndiyo itakayomchanganya.

— Basi tumpake marashi, alisema Fundi, akapiga nyundo chini. Acheni masihara, mtu anaingia kichakani! Kobe, mdogo wangu, chukua ya kawaida. Kwanza, lenga nayo ubaoni asubuhi hii mpaka uiamini; hizo tano utajaribia ipi na ubaki na ipi? Pili, ukiishiwa, mwenzako nyuma yako anakupa zake.

Hapo hata Injinia aliitikia kwa kichwa. Kobe akanywa kahawa yake kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Mke wa Ndefu alikuwa amesimama kando, anatoka hospitali, khanga aliyojifunika wodini bado begani. Hakuna aliyemwona akifika.

— Shemeji, hajambo? Kobe aliinuka nusu.

— Anapumua. Akamgeukia Fundi. Na huyo mwenzake wa nyuma ni nani, Ndefu akiwa kitandani?

Fundi alirudi kwenye soli. Injinia alitazama ndani ya kikombe chake. Mstaafu alikohoa, akakumbuka goti lake, akalishika.

Kobe alirudi kukaa. Aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, kama anayemsubiri mtu amalize kutafuna ndipo aseme «mimi».