Liao Shih-tsung, Mtunza Ghala wa Xizhi

Ndugu, jamaa, majirani wa Xizhi na wafanyakazi wote wa Ku-tsang mliofika kumsindikiza kaka yetu, mimi ni Liao Su-chiung, mdogo wake wa pekee, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma kama tulivyoyajua nyumbani, maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Marehemu Liao Shih-tsung alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Xiluo, wilaya ya Yunlin, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Liao Tien-lai, mkulima wa mpunga, na Mama Tseng A-yun, ambao wote wametutangulia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Xiluo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, baada ya sekondari akaenda Taipei kusomea elektroniki, akahitimu mwaka 1979, na tangu utotoni hakuna redio aliyoifungua ikafungwa na skrubu zake zote, hata baba akawa akiificha redio yake ndani ya pipa la mchele. Alitumikia jeshi kisiwani Kinmen hadi mwaka 1981, na huko ndiko alikofahamiana na Shen Po-kai, ambaye leo mnamwona ameketi pamoja na wafiwa, na ndipo anapostahili kuketi.

Mwaka huo huo aliajiriwa katika kiwanda cha televisheni mjini Taoyuan, ambako mkaguzi wa kazi alikuwa binti aitwaye Chien Yueh-o, na siku moja huyo binti alimrudishia kazi yake mbele ya watu akamuuliza, "Kaka Liao, hapa umelehemu au umetema mate?", naye akajibu, "Nimelehemu vibaya makusudi, ili uje kunirudishia mwenyewe." Wifi yangu mpaka leo anasema ule ulikuwa uongo, kwamba alilehemu vibaya kwa sababu hakuwa akijua, lakini walifunga ndoa tarehe 20 Januari 1985 nyumbani Xiluo, wakajaliwa watoto wawili, Pin-hsuan mwaka 1987 na Kuan-ting mwaka 1990.

Mwaka 1996 yeye na Po-kai waliacha kazi za watu, wakapanga ghorofa moja hapa Xizhi juu ya duka la tambi za chaza, wakaanzisha kampuni waliyoiita Ku-tsang, yaani ghala la nafaka, ya kutengeneza visanduku vyenye diski ndani, vinavyounganishwa na mtandao wa ofisi ili kila mtu aweke kazi zake humo na kuzichukua akiwa mezani kwake. Mama alipokuja kutembea akamuuliza, "Kwa hiyo mwanangu, unauza masanduku matupu?", kaka akasema, "Ndiyo mama, wanajaza wenyewe," naye mama akatikisa kichwa akasema, "Basi angalia panya." Zahanati zikanunua, shule zikanunua, wapiga picha wakanunua, mpaka oda zikaanza kuja kutoka Japani na Ujerumani.

Septemba 2007 iligundulika kuwa toleo jipya la visanduku vyetu lilikuwa na kasoro kwenye sehemu ya umeme, iliyokuwa ikipata moto na kuharibu diski polepole, bila mwenyewe kujua. Po-kai alitaka vibadilishwe kimya kimya kila mteja atakapolalamika, akasema, "Tukitangaza, Shih-tsung, tumekwisha, na watu wetu hawa watakula nini?", kaka naye akamwambia, "Mtu amekuletea mpunga wake umtunzie, umeona umeanza kuoza, halafu unangoja aje na gunia ndipo umwambie?" Walibishana mchana kutwa, nasi tuliofanya kazi hapo tukisikia nje ya mlango, jioni Po-kai akachukua koti lake akaondoka, na asubuhi kaka akatangaza kwa wateja wote warudishe visanduku, akasimamisha mauzo. Oda za nje zikakatika, wafanyakazi wakapungua, kaka na wifi wakaweka nyumba rehani, na karamu ya mwisho wa mwaka ile ilikuwa bakuli la supu kwa kila mtu.

Miongoni mwa vilivyorudi kilikuwemo kisanduku cha Bi Pan Hui-lan, mpiga picha wa Pingtung, chenye picha za harusi ya binti aitwaye Lu Chia-wen, ambaye bibi yake alifariki wiki chache baada ya harusi hiyo, na bibi huyo hakuwa na picha nyingine ya uzeeni. Kaka alihangaika na diski zile akashindwa. Mwezi Februari 2008, baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, Po-kai alipanda ngazi akiwa na bakuli la tambi za chaza katika kila mkono, akasimama mlangoni, na kaka bila kuinua kichwa akamwambia, "Umechelewa, za Pingtung ziko pale," naye akaketi. Ni Po-kai aliyeipata picha moja, moja tu, nusu yake kijivu kitupu, nusu nyingine bibi anapokea kikombe cha chai kutoka kwa bi harusi akicheka. Kaka aliipeleka mwenyewe Pingtung, akainama mbele ya binti yule, na Chia-wen akaitazama, akasema, "Mjomba, keti kwanza, amecheka vile vile alivyokuwa anacheka." Kampuni ilichukua miaka mitatu kusimama tena, lakini ilisimama.

Kaka alistaafu mwaka 2019 na kumwachia Po-kai usukani, na mwaka 2021 akagundulika kuwa na maradhi ya ini, akatibiwa kwa muda mrefu mjini Taipei. Vijana wa karakana walimletea ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi tunayoiweka juu ya mashine ili zitulie zisisumbue, wakaiegemeza kwenye dripu, naye akawaambia, "Angalieni tarehe, ikiisha muda haifanyi kazi," wakacheka na kulia kwa pamoja. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Yueh-o.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomuuguza, majirani mliotupikia bila kuombwa, wateja mliotuvumilia, na ninyi wa Ku-tsang, hasa mliobaki ule mwaka wa supu.

Kaka, chakula kikiwa tayari ilikuwa lazima tukuite mara tatu ndipo uinuke kwenye meza yako ya kazi, na wifi akikununia. Leo hakuna anayekuita. Pumzika, kaka yangu, kwa amani.