Ilaitia Koroivuki na Matairi ya Korongoni

Marehemu Ilaitia Koroivuki alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa kijijini Nawaqa, mtoto wa tatu wa Bwana Taniela na Bibi Losana. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Emosi, binamu yake. Kwetu binamu ni mtani, kwa hiyo mnivumilie.

Alisoma shule yetu ya msingi, kisha ufundi mjini Ba. Huko alisimamishwa wiki mbili kwa kufungua injini ya gari la mwalimu mkuu bila ruhusa. Aliifunga tena ikawaka vizuri kuliko mwanzo, lakini adhabu aliimaliza.

Kuanzia 1980 hadi 2016 alikuwa fundi wa mitambo ya mvuke katika kiwanda cha sukari. Mwaka 1986 alifunga ndoa na Vasiti, aliyemzoea na grisi zake zote.

Mwaka 2017 mjukuu wao Ana aliugua homa ya dengue, akalazwa siku kumi na moja. Marehemu alijua mbu walikotoka: korongo la nyuma ya shule, tunakotupa matairi ya malori ya miwa tangu enzi za baba zetu, na kila tairi limejaa maji. Aliapa kulimaliza rundo lile. Alinunua pipa kuukuu la mvuke la kiwandani, akaligeuza tanuri. Matairi yaliingizwa, mlango ukafungwa hewa isipite, moto ukawashwa chini; moshi ukapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, yakatoka mafuta meusi. Mafuta hayo yaliendesha pampu yetu ya maji. Nyaya za chuma zilizobaki ndani ya matairi tulifungia mapaa msimu wa vimbunga. Matairi elfu moja na mia nne yaliisha hivyo.

Kosa lake lilikuwa moja. Tanuri alilifungua Jumamosi, siku ambayo kijiji kizima kimeanika nguo nyeupe za kanisani. Masizi yakatua juu ya zote. Nilimwendea na shati langu la kwaya mkononi.

"We Ilaitia, unataka kesho tumwimbie Mungu kama wauza mkaa?"

"Fua tena, binamu. Mvivu wewe tangu utotoni."

"Kwani Jumatatu imekukosea nini?"

"Haya, Jumatatu basi. Ila masizi yanatoka kwa sabuni. Dengue je?"

Nilikuwa nimeshakasirika. Agosti 2021 niliiandikia halmashauri barua, tukatia sahihi watu thelathini na wanane. Tanuri likafungwa hadi ukaguzi, na mkaguzi hajafika mpaka leo. Marehemu alinijia mara kwa mara akiomba tuifute barua. Nilimwambia tutazungumza baada ya Krismasi. Zimepita Krismasi tatu. Inaniuma, na nina hasira na nafsi yangu kuliko na halmashauri.

Tarehe 28 Januari mwaka huu alishikwa na homa. Alifariki hospitalini tarehe 9 Februari 2024, kwa dengue.

Ameacha mjane, Vasiti, watoto wawili, Sakiusa na Unaisi, wajukuu wanne, na matairi kama elfu tatu yaliyojaa mvua ya juzi. Yeye apumzike, amechoka kutuomba. Barua ya kuifuta ile ya kwanza iko mezani, kando ya bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, tutakayokunywa baadaye. Mimi nimeshatia sahihi. Kati ya wale thelathini na wanane, hapa nawaona thelathini na wanne.