Mume Wangu Aliyeomba Afungiwe Stoo

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mume wangu, ambaye wengi mlimwita Mzee Taharuki, nisikilizeni, nitasema ukweli wala sitampaka mafuta, maana hata yeye hakupenda kupakwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1941, mtoto wa tano wa mshona viatu, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1960 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja, na kwa kuwa kutwa alisoma maneno ya wenzake kinyumenyume, akaamua aandike ya kwake. Tulifunga ndoa tarehe 17 Juni 1967, mimi niliyeishia darasa la tatu, yeye akidhani amepata mke mpole, tukajaliwa watoto wanne, wote wako hapa, wote wamerithi pua yake, poleni.

Riwaya zake tatu za kwanza zilisomwa hadi vyooni, ila ya nne ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Ilimhusu mwanamke aliyetekwa, na hakuiokota hewani, maana mdogo wangu wa kike, aliyekuwa karani wa fedha, alichukuliwa na majambazi mwaka 1979, wakamficha wiki tatu, na polisi walipomtoa aliwasihi wasimpige yule mmoja aliyekuwa akimletea maji. Kwa neno hilo tu ukoo ukampa kisogo, kaka zangu wakasema kumbe alikuwa mwenzao, mchumba akaingia mitini, naye akahamia chumba cha kupanga, akawa anashona mapazia, hana wa kumbishia hodi. Mume wangu alitaka kitabu hicho kimrudishe shemeji yake kwa watu, lakini hakuelewa moyo wa mateka, na kumwuliza mwenyewe aliona haya.

Akasoma vitabu vya madaktari wa akili, akawahoji watu waliowahi kufungwa, akaandika, mhariri akamrudishia, akisema mwanamke anayewachukia watekaji wake vilevile tangu mwanzo hadi mwisho haaminiki.

Ndipo Julai 1991 akaniomba nimfungie stoo tangu Ijumaa hadi Jumapili, nisimfungulie hata akilia, nami sikuombwa mara mbili. Siku ya kwanza aligonga mlango kwa majivuno, kama mwenye nyumba, siku ya pili akanyamaza akisikiliza kandambili zangu zinapita, akaisifu chai yangu ambayo tangu tuoane aliilalamikia, na Jumapili nilipofungua alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Asante mama, asante sana, Mungu akuzidishie." Nikamwambia, "Unanishukuru nini, mwanamume wewe, si mimi niliyekufungia?" Akaketi juu ya gunia la mkaa, akacheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni.

Hakuoga. Alikwenda vilevile, masizi yamemjaa matakoni, hadi kwa mdogo wangu, akamwambia, "Shemeji, dada yako kanifungia, na mimi nimemshukuru kwa kunifungulia!" Mdogo wangu akaacha cherehani, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaanza kusimulia mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Alisema anayeishika pumzi yako akiiachia kidogo utamshukuru kabla hujafikiri, wala si mapenzi, ni mwili unataka kuishi, na kwamba aliwaogopa wote, na huyo wa maji pia. Tangu hapo kila sura alisomewa yeye kwanza, na mume wangu alipomliza mno mateka wake aliambiwa, "Punguza, shemeji, hayo machozi ni ya nani?" naye akapunguza.

Kitabu kilitoka mwaka 1994. Kaka yangu mkubwa alikisoma, akakibeba kwapani hadi kwa huyo mdogo wetu, akasema ukurasa ule wa maji ameusoma mara mbili. Akajibiwa, "Usome na ya tatu, kaka, wewe tangu utotoni huelewi upesi," akawekewa chai, na jioni hiyo wakaja kwetu pamoja.

Marehemu alistaafu mwaka 1996, akaishi vizuri, akila, akilala na kubishana na redio, hadi figo zilipoanza kumsumbua mwaka 2017, na aliyekuwa akimgeuza kitandani na kumnyang'anya sigara ni huyo shemeji yake, mpaka alipofariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Agosti 2019, akiwa na miaka sabini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyeulizia kila dawa kama inaweza kumwua mtu riwayani, wenzake wa kiwandani, na majirani kwa viti na kwa miguu yenu. Mdogo wangu ameketi mstari wa mbele, kwenye viti vya wafiwa, mimi ndiye niliyemweka, na anayeona hapamfai aondoke yeye.

Nawe mume wangu, lala salama, kazi uliyoianza imekwisha.